Herufi Nne za Bi Nasriya

Kitu cha kwanza Thabit alichokiona kwa Bi Nasriya, hata kabla ya uso wake, ni mikono. Alikuwa akikata vichochoro vya Matrah, bandarini Maskati, asubuhi ya soko, viganja amevikunjua, na juu yake imelala sahani moja nyeusi ya santuri. Aliibeba kama mtu abebaye uji wa moto uliojaa mpaka ukingoni, na wapagazi, ambao hawakuwa na desturi ya kumpisha mtu, walimpisha yeye.

Thabit alikuwa na siku tisa Maskati. Alitoka Kairo na shahada, suti moja, na yakini kwamba nchi, iliyofunguka mwaka ule wa 1970, ilikuwa ikimngoja yeye hasa. Wizara ilimwambia angoje. Basi alingoja kwa bidii, nyumbani kwa shangazi yake Bi Sayyida, akisahihisha Kiarabu cha wauza samaki ambao hawakumwomba.

"Yule Bi Nasriya, jirani yetu," shangazi akamweleza. "Unguja alikuwa mwitikiaji katika klabu ya taarabu ya wanawake. Alipohama mwaka wa sitini na nne aliacha kila kitu. Sasa anaokota sahani za Wazungu. Nenda kamsomee, msomi wetu, kabla hujatuozea humu ndani."

Bi Nasriya alikuwa nazo kumi na tisa, kila moja ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Zilikuwa sahani ndogo za nyimbo za vijana wa Ulaya, wimbo mmoja kila upande, zilizoachwa na wafanyakazi wa kampuni ya mafuta waliorudi kwao. Mchuuzi wa sokoni alikuwa na marundo, lakini Bi Nasriya hakuchukua ovyo. Alipekua mpaka azione herufi nne kwenye karatasi ya katikati: C, L, U, B. Kiingereza hakukijua, alisoma Kurani, na barua zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Herufi hizo alizijua kwa sababu ziliandikwa juu ya mlango wa klabu yao, na alipita chini yake kila siku ya mazoezi kwa miaka kumi na moja.

"Nambie, mwanangu. Hii si klabu?" akamuuliza Thabit alipokwenda kumsomea.

Mtu mwenye busara angeomba muda. Thabit alikuwa na shahada.

"Naam, ni klabu."

"Na hawa waimbaji wote?"

"Wote wa klabu moja."

"Lo! Kumbe klabu kubwa. Na wapinzani wao nani?"

Swali lilikuwa la haki. Unguja klabu haiimbii upepo. Ng'ambo kuna klabu nyingine ambayo masikio yake ndiyo yanayolengwa. Thabit aliinamia santuri ya betri, akakunja uso, akamsikiliza kijana mmoja akilalamika kwamba amesimama stesheni, mvua inanyesha, na kofia yake imelowa.

"Anawaambia wapinzani," akatafsiri, "kofia zenu zinavuja."

Bi Nasriya akapiga makofi. "Kijembe hicho! Irejee!"

Baada ya wiki mbili, wanawake saba walikuwa wakikusanyika kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri kusikiliza vijembe vya Ulaya. Thabit hakuwa amewahi kupata darasa lenye usikivu kama lile. Wimbo wa mtu aliyeachwa na mchumba ukawa dongo kwa klabu isiyojua kupiga fidla. Bi Sayyida peke yake alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Ajabu," alisema. "Mtu analia hivyo, kumbe anatukana."

Kisha Bi Nasriya akamweka Thabit kitako. "Mimi nna miaka sita sina klabu. Niandikie kwa mwenyekiti wao. Mwambie mimi mwitikiaji, na sauti bado nnayo. Wanipokee."

Anwani ilikuwa juu ya mfuko wa karatasi wa sahani moja. Thabit aliandika kurasa nne za Kiingereza ambacho mwalimu wake angekililia kwa furaha. Aliuliza siku za mazoezi, rangi ya sare, na jina la wapinzani, "ili nasi huku tuwe macho." Bi Nasriya hakungoja jibu. Aligawa kanga, doti saba, zote za kijani.

Jibu lilifika baada ya wiki tano. Fomu moja, orodha ndefu ya sahani zenye nambari, na kadi ndogo ya karani: *Asante kwa barua yako. Hatuna mazoezi.*

Thabit aliisoma mara tatu. Ndipo akasoma, kwa mara ya kwanza, maandishi madogo ambayo mtu yeyote asiye na shahada angeanza nayo. Klabu ile haikuwa watu. Ilikuwa njia ya kuuza nyimbo kwa posta. Ilizitoa upya nyimbo za watu wengine, ikazibandika karatasi yake, ikawapelekea wateja. Waimbaji wenyewe hawakujuana, seuze kugombana. Mwanachama ni yule aliyejaza fomu.

Alifikiria kuhamia Nizwa, mbali huko bara. Lakini juu ya madari ya majirani kanga za kijani zilikuwa zimeanikwa, na mtaa mzima ungemcheka mwenye kuzigawa kwa kosa la mdomo wa mtu mwingine. Akavaa suti, akaenda.

Bi Nasriya alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hata mazoezi hawana?"

"Hawana, Bi Nasriya."

"Na mwenyekiti?"

"Kuna karani."

"Sare?"

"Hakuna."

"Maskini," alisema Bi Nasriya. "Wanaishije watu hao?" Alipitisha kidole juu ya zile herufi nne, polepole. "Na kofia zinazovuja?"

Thabit alitazama zulia. "Kofia ilikuwa yake mwenyewe."

Kisha mabega ya Bi Nasriya yakaanza kutikisika, na Thabit, aliyedhani analia, alikuwa ameshatoa leso kabla hajagundua kwamba ni kicheko.

"Basi waandikie," alisema akijifuta macho. "Kama wao hawana mazoezi, sisi tunayo. Alhamisi. Sisi ndio tawi lao la Matrah. Andika majina yote saba."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Thabit aliyabana sita mengine pembeni. Kila mwanachama mpya alipewa sahani moja ya zawadi, achague nambari. Bi Nasriya akachagua kumi na moja, kwa miaka yake kumi na moja, na Thabit alipotaka kumsomea jina la wimbo akamziba mdomo kwa kiganja. "Tafsiri zako zinatosha. Huu tutauitikia wenyewe."

Sasa ni Disemba, Alhamisi. Asubuhi ilikuja karatasi ya posta: kuna kifurushi, kichukuliwe baada ya alasiri. Wanawake saba wamekaa kwenye mkeka, kijani kitupu, santuri imefunguliwa, sindano imefutwa mara mbili. Bi Nasriya anasafisha koo.

"Ikiwa maneno yake ni orodha ya viatu tu?" Bi Sayyida anauliza.

"Tutaiitikia hivyo hivyo."

Na Thabit yuko posta, mtu wa nne kwenye foleni. Wizara bado haijamwita, na wiki hii amesahau hata kuulizia. Amekuja na mfuko wa kitambaa alioshonewa na Bi Nasriya. Mtu wa tatu anaondoka. Thabit anakunjua viganja, anavifuta kwenye suti, anavikunjua tena.