Mjukuu wangu alivyoutia msondo wangu kwenye laptop, ndoa ya watu ikabaki kwenye uzi

Wakuu hamjambo, wa kike na wa kiume. Wadogo zangu, shikamoo zenu nshazipokea kabla hamjazileta, marahaba.

Mie ni bibi wa Makunduchi. Skuli niliiona mlango tu, kwa hiyo nikikosea herufi mnisitiri. Nnaandika mwenyewe kwa kidole kimoja na sitii chumvi. Lililonikuta ndilo hili.

Nina mjukuu wa kike, Zuhura, anakaa Mji Mkongwe. Anaimba roki. Ndiyo, roki, magitaa ya umeme na mayowe. Mwanzo nilisema mtoto karogwa. Siku niliyokwenda kumsikiliza nikatoka kifua mbele, maana koo lile ni langu. Mama yake hana koo, anaimba kama mlango wenye kutu. Zuhura karithi kwangu.

Basi akaja na jambo jipya. Kando ya band yake akaanza muziki wa elektroniki, peke yake, laptop na vidude vya kubonyeza. Hakuna gitaa, hakuna kuimba. Nikamuuliza, "Na koo umeliweka wapi?" Akacheka. "Bibi, hii ni side project tu."

Sawa. Side project.

Sasa niwaeleze kazi yangu, hasa nyinyi wanaume msiojua. Mie ni somo. Msichana akikaribia kuolewa namfunda, ndani, wanawake watupu. Naupanda msondo, ile ngoma ndefu ya kukalia, napiga naimba. Mwari hutoa lililomkaa kifuani, nami nalitia kwenye wimbo kwa jina lake, ili alicheze limtoke. Likishatoka, halivuki kizingiti.

Zamani tulifunga mlango tu. Siku hizi kuna simu. Kwa hiyo nna kikapu. Kila aingiaye anaweka simu yake humo, nakifunika kanga, nakitia chini ya miguu yangu, ubavuni kwa msondo. Nilidhani pale ndipo penye amani kuliko pote.

Juzijuzi nilimfunda msichana mmoja, simtaji. Siku ile alilia, akatoa neno zito. Nalo silisemi hapa. Jueni tu kwamba bwana harusi akilisikia, hiyo ndoa haifungwi. Nikaliimba, na jina lake nikaliita. Zuhura alikuwepo, anapokea kiitikio vizuri kabisa.

Wiki ya harusi, mchana, nnachagua mchele, akaingia Bi Mize. Huyu ni mama mdogo wa bi harusi, naye alikuwemo ndani siku ile. Hakubisha hodi. Akaniwekea simu sikioni.

"Somo, sikiliza."

Ilikuwa status ya Zuhura, kipande cha kutangaza show. Nikasikia dum, dum, na sauti za mashine zinavuma juu yake kama nyuki. Halafu mtu akakohoa.

Kile kikohozi ni changu, wakuu.

"Hii ngoma ya nani?"

"Yangu."

"Na baada ya kukohoa, Somo, ulifanya nini?"

Mchele ukanimwagika. Baada ya kukohoa niliita jina.

"Show ni leo alasiri, mjini," Bi Mize akasema. "Jina la mwanangu likitoka kwenye zile spika, huo msondo wako nautia kuni. Na wewe nakuweka pembeni ya moto uutazame."

Tukampigia Zuhura. Hapatikani. Tena. Hapatikani.

Bi Mize ana vespa. Sijawahi kupanda, na magoti yangu mnayajua, wazee wenzangu. Nikapanda. Kijiji cha Kitogani tulipita sikukiona, nilikuwa nimefumba macho nasoma kila nilichokijua. Tulipofika Tunguu nikamwambia, "Ongeza." Akanijibu, "Nshaongeza, kamata vizuri!"

Show ilikuwa kwenye ua wa nyumba moja ya kale, ndani ya vichochoro. Mlangoni kijana akaninyooshea mkono.

"Bibi, tiketi."

"Tiketi nlikuwa nayo tumboni. Nimemzaa mama yake huyo aliye jukwaani. Pisha."

Akapisha.

Ndani watu tele. Wageni, vijana wa mjini, wasichana wa chuo na mitandio yao. Zuhura yuko juu, headphone masikioni, kainamia laptop kama mtu anayechagua mchele. Nikaita, "Zuhura!" Sauti ikazama.

Nikageuka kutafuta ngazi ya jukwaa, nikagongana uso kwa uso na nani? Bwana harusi!

Ni kijana wa Malindi, bandarini, na nje ya kazi yake anakodisha spika. Hizo spika zilikuwa zake. Kasimama ubavuni mwa moja, sikio kwenye box, anapima volume.

"Shikamoo Bibi! Na wewe umekuja kurusha roho?"

Kabla sijaitikia, ule wimbo ukaanza.

Dum. Dum.

Msondo wangu, mkubwa kama nyumba, unanipiga kifuani mwenyewe. Bi Mize akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ngazi iko upande wa pili. Laptop siijui pa kuzimia. Nikasikia nnakohoa huko juu.

Wakuu, sasa sikilizeni. Kwetu, tukiwa ndani na mwanamme akapita karibu na dirisha, somo hupiga kigelegele, na kila mwanamke aliyefundwa hupokea papo hapo, maneno yafunikwe. Huulizi kwa nini. Unapokea.

Nikatupa kichwa nyuma nikapiga.

Bi Mize akapokea. Mama anayeuza juisi pembeni akaweka jagi chini, akapokea. Wale wasichana wa chuo wakaangaliana, mmoja, wawili, halafu wote. Ua mzima ukapasuka vigelegele. Jina likatoka kwenye spika likakuta hakuna pa kukaa.

Zuhura akainua kichwa. Nilimfunda mimi mwenyewe, kwa hiyo aliijua ile sauti ina maana gani. Uso ukambadilika kama aliyekanyaga kaa la moto. Hakutafuta kitufe. Alichomoa waya.

Kimya.

Halafu wageni wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Walidhani ndo show yenyewe.

Nyuma ya jukwaa Zuhura akaanza kujitetea. "Bibi, ulisema tuweke simu kikapuni. Hukusema tuzime kurekodi. Na maneno nimeyakatakata, nikajua hakuna atakayeelewa."

"Nikisema mlango ufungwe, lazima niseme na mwizi asipite dirishani? Na jina halikatiki, mwanangu. Mwenyewe hulijua hata ukimpa kipande."

Akalia. Akafuta yote mbele yetu, Bi Mize kamsimamia kama askari. Ile side project ikafa siku ileile, haikufika hata show ya pili.

Wakati tunatoka, bwana harusi anakunja waya zake. Akaniita.

"Bibi, kabla ya vigelegele, kuna mtu alikuwa anatajwa jina?"

Nna miaka mingi kwenye kazi hii.

"Lini umesikia mwanamme kamuuliza somo swali kama hilo akajibiwa?"

Akacheka, akaendelea kukunja waya.

Harusi ilipita salama. Jioni ile ya show Bi Mize alinirudisha kwa vespa yake. Kwenye mlango wangu ndo akatamka, "Kuni za leo nitaokota msituni." Kwake yeye huo ni msamaha.

Zuhura karudi kwenye roki yake, na anaimba kuliko mwanzo, niacheni nijisifu. Na nikifunda sasa, kikapu anakishika yeye mlangoni. Simu yake ndo huzimwa kwanza, kila mtu akiona.

Nililojifunza: mtoto wako usimweleze sheria tu, mweleze sheria inamlinda nani. Zuhura angelijua hilo, asingelirekodi.

Haya, uwanja wenu. Wenye wajukuu wanamuziki semeni yenu, na wanaotaka kunitukana wanitukane kwa adabu. Ila atakayeniuliza wimbo ulisema nini, nampigia kigelegele.