Daftari za Kufungia Bajia

Karani wangu aliniandikia hesabu miaka kumi na minane katika duka langu la vifaa vya ujenzi, hapa Malindi. Mzee wa Mambrui, kanzu safi, mwandiko wa kupendeza. Nikamfukuza kwa ajili ya kompyuta.

Tena si kumfukuza tu. Kwanza nilimlazimisha ahamishe hesabu zote kwenye ile programu mpya, kidole kimoja kimoja, wiki sita, macho yakimtoka machozi. Alipomaliza nikamwambia mbele ya wateja, "Mzee, hii nimeinunua mara moja, basi. Haidai mshahara. Chukua na daftari zako, mkeo akafungie bajia." Mkewe alikuwa akiuza bajia nyumbani. Wateja walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Huu ulimi wangu sijui nimeurithi kwa nani.

Mwaka haujaisha, kioo cha kompyuta kikaniandikia: mpendwa mteja, sasa utalipia kila mwezi. Lahaula! Kitu nimeshakinunua! Nikawapigia simu wenye programu, nikatukana mpaka koo likanikauka. Binti wa huko akanijibu kwa upole, "Pole mama, lipa kwanza."

Nikalipa. Zikafunguka hesabu za mwaka huu peke yake. Za nyuma zilitaka malipo makubwa zaidi, ya mwaka mzima kwa mkupuo, na sikuwa nayo.

Nami nilikuwa na haraka. Mwenye jengo nililopanga duka alikuwa anauza, na benki ingenikopesha nilinunue mimi, ila ilitaka hesabu za miaka mitatu kabla ya Ijumaa. Nikizikosa, natolewa mimi na mabati yangu.

Alhamisi nikaenda Mambrui. Nilimwamkia yule mzee shikamoo, ambayo dukani sikuwahi kumpa.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Nikamwomba daftari, nikamwambia arudi kazini kwa mshahara mara mbili. Nilijidhalilisha, nasema kweli, mpaka nikamshika mkono.

"Si ulisema tufungie bajia?" akauliza.

Mkewe alikuwa barazani na karai lake. Pembeni yake palikuwa na jalada la daftari ya mwisho, limebaki na ukurasa mmoja. Mzee akauchana, akatia bajia tano, akakunja vizuri. Nikauona mwandiko wake, saruji, misumari, mafuta yakiufuta. Nikanyoosha mkono.

"Hamsini," akasema. "Lipa kwanza."

Nililipa. Jengo liliuzwa Jumatatu.