Aliyejibu Kila Asubuhi

Kwa miaka mingi niliogopa kimya. Kazi yangu, katika kituo kimoja cha afya hapa Bunia, ni kupima jinsi wagonjwa wa tansio, yaani shinikizo la damu, wanavyoitikia simu inayowakumbusha dawa. Kila asubuhi kompyuta yetu huwatumia ujumbe nilioutunga mwenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani, usije ukasikika kama amri ya ofisi: «Mama, umeamka namna gani? Umekunywa dawa? Bonyeza moja kama ndiyo, mbili kama hapana.» Majibu hurudi, nami huyageuza kuwa mistari kwenye skrini, kila mgonjwa na mstari wake.

Mstari ulipokatika, nilikosa raha. Wagonjwa wetu wengi walikimbia vita kule Djugu, na katika mji huu simu isiyojibu ina maana nyingi mno. Huenda moto wa simu umeisha na foleni ya kuchaji ni ndefu. Huenda mtandao umeanguka. Huenda mwenyewe amerudi kutazama mihogo yake, akakikuta kule kile alichokikimbia. Nilizoea kuketi mbele ya kimya na kukikadiria, kama mtu apimaye kina cha mto kwa fimbo kabla ya kuvuka. Jibu halikuwahi kunitisha.

Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Mbunya. Mwanzoni alinihangaisha: leo mbili, kesho hakuna, keshokutwa moja ya kunifurahisha. Kisha akabadilika ghafla. Moja, moja, moja, kila siku, kabla chai yangu haijapoa. Mwenzangu wa ofisini, ambaye anajua kwamba mimi pia nimeandikiwa vidonge hivyohivyo na huvisahau, alinitania.

«Madame, ule mama amekushinda kabisa. Weye hata bwana yako haumujibu mbio namna ile.»

«Bwana yangu maswali yake haitoshi kubonyeza moja,» nikamwambia, tukacheka.

Tukakubaliana nimtembelee, nirekodi sauti yake, awaeleze wengine namna alivyojirekebisha. Nilibeba kipimo cha tansio, nikapanda pikipiki.

Uani kwake palikuwa na turubai la kilio, limepauka kwa jua, vumbi jekundu limejaa katika mikunjo yake. Chini yake aliketi mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, simu ndogo ya vibonye juu ya goti. Alikuwa mume wake. Binti yao mkubwa alinitolea kiti. Nikasalimu, nikasema nimekuja kumwona mama.

Binti alimtazama baba yake kwanza.

«Mama tulimuzika, madame. Tangu wakati wa kupanda maharagi.»

«Lakini asubuhi hii amenijibu,» nikasema, na maneno yangu yakabaki pale chini ya turubai bila mtu wa kuyapokea.

Mzee akainua ile simu.

«Ni mimi nilijibu. Kwetu, kama kilio haiyaisha na mutu anaita marehemu mulangoni, mwenye alibakia anaitika kwa nafasi yake. Hatuachake salamu chini. Na mashini yenu iko naita muzuri. Mama, umeamka namna gani. Nani mwingine bado anamuuliza vile?»

Nilikumbuka ule mstari, nikaelewa kwamba ulikuwa umenyooka tangu juma alilozikwa. Akiwa hai alikuwa ananiponyoka, na alipokufa ndipo alipokuwa mgonjwa wangu bora. Kisha likanijia swali ambalo lilipaswa kutangulia mengine yote.

«Papa, na dawa je?»

«Nilikunywa.» Alinitazama kana kwamba nimemvunjia heshima. «Nibonyeze moja na sikunywe? Niseme bongo, nidanganye kwa jina yake?»

Binti aliingia ndani, akarudi na mfuko. Humo ndimo vilimokuwa vidonge ambavyo marehemu alivikwepa siku zile za mbili na za kimya. Mzee alikuwa amevimeza kimojakimoja, vikakaribia kwisha.

«Anaanguka-anguka,» binti akasema kwa sauti ya chini. «Jana alishika ukuta mupaka tukamukalisha. Siye tulisema ni huzuni.»

Nilimfunga mkono kwa kipimo. Hakuwahi kuugua tansio maishani mwake, na sasa shinikizo la damu yake lilikuwa limeshuka kiasi kwamba nilirudia kupima nikitumaini mashine imekosea. Haikuwa imekosea. Siku chache tena za uaminifu ule, na turubai lingebaki palepale kwa ajili yake. Nilimweleza hivyo, bila kupamba. Niliuchukua mfuko, nikamwagiza binti asimwache asimame peke yake, nikamwambia mzee kwamba nitaliondoa jina la mkewe kwenye mashine.

«Munamufuta?»

Binti akainamisha kichwa. Nikasema, sawa, halitaondolewa mpaka turubai lishuke.

«Basi kesho ikimuita, nitajibu nini?»

«Jibu mbili, papa. Mbili haina bongo.»

Alikisugua kibonye cha moja kwa kidole gumba, bila kukibonyeza. Hakuniahidi kitu.

Asubuhi iliyofuata niliketi mbele ya skrini kabla ya wenzangu kufika. Ujumbe ulitoka. Majibu ya wengine yakaingia, ya kwake hayakuingia, na chai ikapoa. Nilikuwa nimekwisha kuishika simu ili nimpigie binti pale namba ilipojitokeza. Mbili.

Nikashusha pumzi. Kisha nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba mashine ina jibu lake kwa kila anayesema mbili, nalo pia nililitunga mimi: «Pole, mama. Usikate tamaa. Kesho usisahau.» Lilikuwa limeshakwenda.

Niliipigia simu ile. Mzee aliipokea mwenyewe.

«Papa, munisamehe, ule ujumbe umetoka peke yake…»

«Nimeusoma,» akasema. «Nimekwisha kumuambia mama.»

Nyuma yake nilisikia ufagio wa binti ukipita uani.

«Na kichwa, papa? Iko nazunguka?»

«Kidogo. Lakini leo sikushika ukuta.»