Diski Iliyolia Vizuri

Kengele ya shule ninayofundisha si kengele. Ni diski ya breki ya gari, imefungwa waya na kuning'inizwa kwenye boriti ya veranda, na mlinzi wetu huigonga kwa kipande cha nondo kila asubuhi. Mzazi mmoja aliileta baada ya kengele yetu ya zamani kuibwa. Sauti yake ni nzuri mno. Inaanza kwa ukali, kisha inatulia na kwenda mbali juu ya mabati ya majirani, hata watoto ambao bado wako njiani huanza kukimbia. Walimu wenzangu huisifia. Mimi kila inapolia hushika kitu kilicho karibu, meza au mlango, nikangoja imalize. Wakiniuliza kama kichwa kinaniuma, nawajibu ndiyo, ni kichwa. Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba yangu alikuwa mtoto wa reli. Babu alitoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana, akaajiriwa Lubumbashi, na kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa yaliyosimama, akigonga kila gurudumu kwa nyundo yenye mpini mrefu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti ya kopo. Alifanya hivyo miaka yote mpaka masikio yenyewe yakachoka, na alipokufa hakuacha nyumba wala shamba, aliacha ile nyundo. Baba akaukata mpini wake ili itoshee kwenye kisanduku cha mbele cha gari.

Kwa nyundo hiyo baba alipima dunia nzima. Hakununua sufuria bila kuigonga. Aligonga majembe, mabomba, vyuma vya dirisha, na nilipopata alama mbaya za hesabu alinigonga kichwani kwa kidole, akatega sikio, akasema ngoja kwanza, kuna mtu ndani. Mama, binti wa Kikasai aliyezaliwa hapa hapa mjini, alikuwa mfanyabiashara na hakuwa na subira na maajabu hayo. Siku moja sokoni, baba akiwa amechuchumaa anasikiliza sufuria ya nne, mama alimwuliza mbele ya watu wote:

"Na miye, ulinisikilizaka na nyundo mbele ya kunioa?"

"Nilikusikiliza," baba akajibu bila kuinua kichwa. "Ulilia muzuri. Hata leo haujanyamaza."

Wanawake wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alimpiga baba kwa kitambaa chake cha kichwa, naye akanunua sufuria.

Gari letu lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, na lilikuwa limeingia kutoka upande wa Zambia likiwa na usukani kulia. Kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva wa gari la namna hiyo hukaa upande wa majani, na anayeketi kushoto ndiye anayeona kinachokuja. Mama alikuwa jicho la baba. Kila Alhamisi walikwenda Kasumbalesa, mpakani, mama akanunue unga na sabuni za kuja kuuza, na nyuma ya kila lori baba alimwuliza, naye alichungulia na kusema "bado, bado," kisha "pita!" Walikuwa hawagombani kamwe ndani ya gari. Nyumbani waligombana vizuri tu.

Halafu breki zikaanza kupiga kelele. Mwanzoni ilikuwa kelele ndogo ya asubuhi, baadaye ikawa kila kona, chuma kinasaga chuma, hata mbwa wa mtaa wetu wa Katuba walitujua kwa mlio huo. Mama alisema harudi tena Kasumbalesa na gari linalolia hivyo. Baba akalipeleka kwa Kasongo, fundi wa jirani, ambaye alilipandisha juu ya matofali, akatoa gurudumu na kutuonyesha: zile plakete, vipande vinavyobana diski ili gari lisimame, zilikuwa zimekwisha kabisa, na chuma chake kilikuwa kimechimba mifereji kwenye diski zote mbili za mbele.

"Kamata ma disque mupya, Papa Ngoie," Kasongo alisema. Ngoie ni mimi. Nilipewa jina la mama yake baba, ndiyo maana naye aliniita mama. "Mupya, na ma plaquette mupya. Occasion, hauwezi kujua ilitembeaka wapi."

"Mupya ya sasa haiko chuma," baba akasema. "Ni carton njo muzuri." Yaani katoni ndiyo nzuri, si kilichomo.

Nisimcheke, maana hakuwa peke yake. Sisi watu wa Lubumbashi tumeumwa mara nyingi na vitu vipya. Tumenunua pasi zilizokufa siku ya kwanza, betri zilizojazwa mchanga, na tukajifunza kwamba kitu kilichotumika Ulaya miaka kumi, kile tunachokiita occasion, kitatuzika sisi wote. Kikiwa na kutu kidogo, tunakiamini zaidi. Hiyo ndiyo akili tuliyonayo, na tumeilipia.

Jumamosi baba alikuja kunichukua shuleni kwa miguu, tukaenda moja kwa moja kwa wauza vipuri. Nilikuwa na miaka kumi, begi langu mgongoni. Nakumbuka harufu ya pale: petroli ya kuoshea vyuma, mafuta yaliyoungua, na mihogo ya kukaanga iliyouzwa na mama mmoja katikati ya mainjini. Upande mmoja wa meza kulikuwa na makatoni. Baba alichukua moja, akaonyesha jinsi jina lilivyoandikwa kwa makosa, akatoa plakete na kuisugua kwenye sakafu ya saruji. Ilibomoka ikawa unga mweusi. Akamtazama muuzaji, muuzaji akatazama mihogo. Diski mpya zilizokuwa kando ya makatoni, baba alizigonga mara moja tu, zikajibu kwa sauti fupi, akazirudisha.

Upande wa pili, juu ya gunia, zililala diski za occasion, zimesuguliwa kwa msasa mpaka zinang'aa.

"Ile ni d'origine, muzee," muuzaji alisema. "Ilitoka Bulaya na motokari yake. Hata plaquette yake iko."

Baba alitoa nyundo mfukoni. Akaingiza kidole kwenye tundu la diski ya kwanza, akaiinua, akaigonga. Ililia, lakini ikafa upesi. Ya pili vivyo hivyo. Aligonga kama saba hivi, na watu wakaanza kukusanyika, wengine wakimdhihaki kwa kuuliza kama yuko kanisani. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipiga goti, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mama Ngoie," aliniambia, "masikio yako iko mupya kupita yangu. Njo weye utachagula."

Sijui kama mmewahi kuitwa na baba yenu katikati ya watu wazima ili muamue neno. Nilivimba. Nilifumba macho, akagonga moja moja, nami nikasikiliza kwa tumbo langu lote. Kulikuwa na mbili zilizolia tofauti na nyingine. Zilikuwa na sauti ndefu, laini, inayozunguka kabla ya kuisha. Nikasema hizi. Baba akazigonga tena, akatabasamu, akasema muzee wa reli amerudi.

Nilizishika nizione. Pale ukingoni, chini ya rangi nyeusi waliyopaka upya, kulikuwa na maandishi madogo yaliyochomoza kwenye chuma. Nilikuwa mtoto wa kusoma kila kitu, hata karatasi za kufungia sabuni.

"Papa, hapa baliandika MIN, na vingt, na mm."

"Ile ni numero ya usine, mama," alisema. Muuzaji naye akasema ndiyo, ni namba ya kiwanda.

Vingt ni ishirini, na mm nilijua ni nini. Juma lile lile mwalimu alikuwa ametufundisha milimita, na rula yangu ya mbao ilikuwa ndani ya begi. Nilifikiri kuitoa. Nilifikiri kweli, mkono ukaenda hadi kwenye kamba ya begi. Lakini watu walikuwa wanasema mutoto huyu ana masikio, na nilitaka waendelee kusema. Nikauacha mkono urudi.

Kasongo alipozipokea alizibana kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Iko nyembamba, Papa Ngoie."

"Inalia," baba akasema.

"Kulia inalia."

"Mutoto njo alichagula. Funga."

Akafunga. Majuma mawili breki zilikuwa kimya, gari linasimama pole pole bila kelele, na mama alimwambia kila aliyepanda kwamba zilichaguliwa na masikio ya binti yake. Aliniletea biskuti za Zambia pakiti mbili, wakati wadogo zangu walipata moja ya kugawana. Nilizila polepole ili wanione.

Alhamisi ya tatu foleni ya malori ilikuwa imefika mbali kuliko kawaida, ikaanzia nyuma ya mteremko mdogo. Baba alikuwa amekanyaga breki njia nzima nyuma ya malori mengine, kanyaga, achia, kanyaga, na diski zilikuwa zimepata moto. Alipoiona foleni alikanyaga kwa nguvu. Diski moja ikapasuka. Alivuta usukani kulia kuelekea kwenye majani, mahali penye nafasi, na yeye akapita. Kona ya nyuma ya lori ikaingia upande wa kushoto.

Mama hakufika hospitali.

Kasongo ndiye aliyekwenda kulivuta gari. Alirudi na diski iliyovunjika ndani ya mfuko wa unga, akaiweka mbele ya baba kwenye matanga, wanawake wakiwa bado wanalia ndani. Baba, bendeji usoni, hakuufungua mfuko. Alisema, "Toa ile kintu hapa." Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mguu wake. Niliogopa kwamba atanitazama. Hakunitazama, na nikaelewa, kwa akili ya miaka kumi, kwamba anajua ni nani aliyechagua.

Tangu siku ile hakugonga kitu. Nyundo sikuiona tena, na sikuuliza. Alinunua sufuria kwa kunyoosha kidole, na moja ilikuwa inavuja, tukapikia hivyo hivyo huku tumeziba tundu kwa ugali. Hakuendesha tena. Miaka mingi tuliishi katika nyumba ile tukizungumzia mvua, karo ya shule na umeme uliokatika. Mara moja tu, nikiwa nimeshakuwa mwalimu, alisema akitazama ukuta, "Ilikuwa masikio yangu." Nilipaswa kumwambia hapana, Papa, yalikuwa yangu pia, na rula ilikuwa kwenye begi. Nilisimama nikaenda kumletea maji. Alikufa kiangazi kilichopita akiwa amebeba peke yake mzigo ambao ulikuwa wa watu wawili.

Kwenye matanga yake Kasongo, mzee sasa, aliketi karibu nami, nami nikamwuliza hatimaye ile namba ilikuwa ya nini. Alishangaa kwamba sijui. "Ile njo mwisho wake," alisema. "Disque ikipunguka chini ya ile numero, unatupa. Kulia? Kulia inakuambia tu kama haina ufa leo. Haikuambie imebakia nene ngapi." Baba alirithi sikio la mtu wa reli, na sikio lile lilimwambia ukweli wote linaoujua. Swali la unene halikuwa lake. Lilikuwa la rula, na rula ilikuwa mgongoni kwangu. Hilo sikulielewa siku ile, na kulielewa sasa hakujanisaidia kitu.

Juma lililopita nilibaki shuleni watoto walipoondoka. Nilipanda kwenye kiti pale verandani na kuichunguza kengele yetu. Ukingoni, chini ya kutu, maandishi yapo: MIN, namba, mm. Nilitoa rula begini, nikapima. Imepungua chini ya namba yake milimita mbili nzima.

Mlinzi alinikuta juu ya kiti, akauliza kama kengele imeharibika.

"Hapana," nilimwambia. "Iko muzuri."

Asubuhi aliigonga kama kawaida, na watoto walio njiani wakaanza kukimbia.