Sumu Ambayo Rébecca Hakuipika

Rébecca alifika mji wa Butembo kutoka kijijini Eringeti na watoto wake, Élysée na wadogo zake, na sufuria moja, kwa sababu sufuria ndiyo iliyokuwa kichwani alipoanza kukimbia. Askari walikuwa wamesema waasi wamejificha kwa wakulima, wakazipiga nyumba zote bila kuchagua. Mumewe Jean-de-Dieu alikufa ndani ya mojawapo, naye hakuwa na silaha ila panga la kulimia.

Akapokewa na Éliakim, mdogo wa marehemu, seremala aliyefiwa na mke. Éliakim alimwita yaya, yaani dada mkubwa, akamwambia tu, jiko ndilo hili. Basi akaanza kupika katika nyumba ile, na huko kupika ndiko kulikomponza.

Maana mwaka uliofuata tumbo la Éliakim lilianza kuvimba upande wa kuume. Mikono ikakonda, macho yakawa manjano. Akanywa dawa ya malaria, akanywa ya minyoo, hapana kitu. Sasa, kwetu huku, mtu akivimba tumbo na dawa zikashindwa, wengi hawaulizi anaugua nini. Wanauliza nani alimpikia. Wanasema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo eti hufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa ndani ya chakula. Jamaa wakamleta mtu wa majani, akamtapisha mgonjwa wiki nzima mpaka akashindwa kusimama. Ilipotoka nyongo, yule mtu akasema mnaona, ndiyo hiyo.

Zorobabel, kaka mkubwa wa Éliakim na wa marehemu, muuza maharage mwenye sauti ya soko, akawaita jamaa na majirani uani.

"Maladi ya hopitali inasikiaka dawa," alisema. "Hii haisikie. Mama Élysée, ulimupa nini? Ni hii nyumba unatafuta?"

Akataka Rébecca arudi kwao Eringeti. Eringeti ile ile, ambako risasi zilikuwa bado hazijanyamaza. Rébecca alikasirika, lakini hakulia. Aliwauliza mbona watoto wake wanakula sahani moja na Éliakim na matumbo yao hayajavimba. Shangazi yao Berthe akacheka puani, akasema mwenye sumu anajua aiweke upande gani wa sahani.

"Sitoke hapa," Rébecca akamjibu Zorobabel, "mpaka shemeji aende na mimi hopitali, asikie na masikio yake. Ama unaogopa munganga kuliko karuho?"

Watu wakacheka, na safari hii walimcheka Zorobabel. Ikabidi aende. Mgonjwa akabebwa kwa kitanda cha miti.

Munganga, yaani daktari, mama mmoja mwenye macho ya kuchoka, alimpima Éliakim, akatazama picha za ini na za mapafu, akasema ni kansere, saratani ya ini. Zorobabel akamrushia swali lake lile lile: kama si sumu, kwa sababu gani dawa hazimponyi?

"Malaria ni mugeni, Papa. Dawa inamujua sura," alisema munganga. "Hii ni nyama ya mwili wake mwenyewe. Imeacha kutii, inazaa tu. Dawa yenye kuiua inaua na ile nzima."

Akaeleza kwamba kabla haijauma ilikwisha kutuma watoto wake mpaka mapafuni, kwa hiyo kukata ini hakungetosha. Na kansere si moja, ya titi na ya ini zinashiriki jina tu. Hata ndani ya mtu mmoja, sehemu nyingine hufa kwa dawa na nyingine huizoea. Dawa zenyewe hapa hazipo, na barabara ya kuzifuata Kampala ina askari kila kona. Hata huko, kwa hali hii, wasingemwahidi kitu.

Rébecca akamgeukia munganga. "Ni kama bale askari ba kwetu," alisema. "Balitafuta adui katikati ya batu, bakamaliza batu."

"Ndiyo, Mama. Na hapa adui alizaliwa mule mule kijijini."

Ugonjwa hauna masikio, kuukasirikia ni kazi bure. Lakini watu wanayo! Ile wiki ya kutapishwa ilimnyang'anya Éliakim nguvu zilizobaki, na hakuna aliyeitwa uani kujibu kwa hilo. Aliyeitwa ni mpishi.

Njiani kurudi Zorobabel alimwambia Rébecca basi, maneno yameisha, abaki tu apike. Alidhani anatoa zawadi. Rébecca alikataa. Alitaka wale wale waitwe tena, pale pale uani, wasikie.

Wakaitwa Jumapili, baada ya ibada. Éliakim akatolewa nje, akaegemezwa ukutani na blanketi lake. Zorobabel akasimama, macho kwenye viatu, akanong'ona kwamba munganga amesema ni kansere, kwamba hakuna aliyetia kitu.

"Shemeji," akasema Rébecca, "siku ya kunishitaki, hata batu ba barabarani balisikia. Sema tena."

Zorobabel akatazama huku na huku. Shangazi Berthe alikuwa ameinama, anafunga kitenge kilichokwisha kufungwa. Éliakim, kwa sauti ndogo iliyobaki, akamwambia kaka yake aseme.

Akasema tena, kwa ile sauti yake ya soko, mpaka mwanamke mmoja aliyepita njiani na mzigo wa ndizi akasimama kusikiliza.