Baba anatetemeka, familia inamtafuta aliyemfukuza sentineli kichwani mwake

Wakuu, salamu kutoka Bukavu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, sebuleni kwetu Nguba. Atakayesema ni chai, alete mkate.

Baba yangu ameongoza kwaya ya parokia kwa miaka mingi. Mwaka jana mkono wake wa kushoto ukaanza kutetemeka ukiwa umepumzika tu, kidole gumba kinasugua cha shahada kama mtu anayechambua maharage.

Akawa anaongoza kwa mkono wa kulia. Soprano wakafuata wa kushoto. Misa ile Mungu mwenyewe alivumilia.

Hospitali wakasema ni Parkinson, wakampa vidonge. Haviponyi, ila vilimsaidia. Akarudi kufunga vifungo vya shati mwenyewe, nami nilifurahi kuliko siku niliyopata diploma.

Basi akaingia Tonton Déo.

Huyu ni mdogo wake baba, mtu wa ONG, yaani NGO, laptop mbili na kofia moja. Kila kitu kwake ni "analyse". Na analyse yake ilikuwa hii: kaka yake alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, huko Kavumu kwenye mahari ya binti wa dada yao Noela, halafu akaanza kutetemeka. Kwa hiyo ni karuho.

Kwa wasioijua, karuho ni sumu ya polepole, na huku hutajwa kabla hata ya malaria. Ndiyo maana anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza mbele yako. Tantine Noela ni dada yao wa mwisho. Siku ile wageni walimzidi, akampa kaka yake pombe ya ndizi bila kuonja.

Ushahidi umekamilika. Mahakama ifungwe, twende tukale.

Tonton akapata mganga njia ya Minova, bingwa wa kutapisha. Sharti lake moja tu: muzee aache vidonge vya hospitali.

Baba hakuulizwa. Ugonjwa huu humeza sauti, na kwetu mwenye sauti ndogo huhesabiwa amekubali. Vidonge vikafichwa kabatini. Baada ya siku chache alikuwa anasimama mlangoni, miguu imegoma, anaitazama sebule kama ng'ambo ya ziwa.

Nikaogopa kweli, wakuu. Nikaomba kikao cha familia.

Mimi nafundisha biolojia, kwa hiyo nilijiandaa. Nikawaambia: ndani ya seli kuna vipande vidogo sana vinaitwa microRNA. Havijengi kitu. Kazi yao ni kama ya sentineli, yule mlinzi wa getini: maagizo ya kutengeneza protini yakizidi, wao wanayazuia.

Kuna kimoja, miR-7, kinachozuia protini iitwayo alpha-synuclein isitengenezwe kupita kiasi. Watafiti wameona kwamba kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson sentineli huyu hupungua. Protini ikizidi, inagandamana, na seli zinazosaidia kuratibu mwendo wa mwili zinaendelea kufa. Bado wanatafuta kama microRNA zilizo kwenye damu zitasaidia kuutambua ugonjwa mapema, na kama siku moja zitakuwa dawa.

Nikakaa chini. Nilijiona nimefundisha.

Tonton akavua kofia.

"Asante, mutoto yetu. Umeeleza muzuri sana. Sasa, sentinelle hawezi kutoka ye peke yake. Ni nani alimutosha, alimufukuza?"

Wakuu, sebule nzima ikageuka kumtazama Tantine Noela.

Yaani nimeleta sayansi ya molekuli, wao wamepata shahidi wa mashtaka. Maman mmoja kutoka kwaya akatikisa kichwa: "Ata sayansi inakubali."

Tantine akaanza kulia. "Miye? Miye mutoto ya mama yenu?"

Tonton akaendelea na "recommandations", ya kwanza ikiwa safari ya Minova.

Baba akasema kitu. Hakuna aliyesikia. Akasema tena, kisha akagonga meza kwa mkono ule wa kushoto, ambao kwa kugonga hauhitaji kutiwa moyo.

"Noela. Niletee mayi ya kumeza dawa."

Nikakimbilia kabatini kuleta vidonge. Tantine akamimina maji, maji yetu wenyewe, kwenye glasi yetu wenyewe. Halafu, mbele ya watu wote, akainua glasi aonje kwanza.

Maji, wakuu. Mwanamke anaonja maji ili aaminiwe na kaka yake.

Baba akanyoosha mkono. "Usionje. Leta vile iko."

Akameza kidonge. Nusu ya maji ilimwagikia shati na hakuna aliyecheka. Safari ya Minova ikafia hapo.

Tonton? Mzima wa afya. Nasikia anawaeleza microRNA wenzake ofisini, na kuna fununu ya mradi.

Nilichojifunza: ukimpa mtu anayetafuta mchawi darubini, atamtafutia mchawi humo humo. Na mgonjwa mwenye sauti ndogo, msogelee umsikie kabla hujamsemea.

Siku hizi ni Tantine anayempa baba vidonge. Bado mara nyingine glasi inapanda kuelekea mdomoni mwake, na baba anamnyang'anya.

Waliouguza ugonjwa huu, tupeni uzoefu wenu hapa chini. Na wewe unayejiandaa kuuliza kasiksi ile ilipikwa na nani, nakuona. Kaa karibu na Tonton.