Ulimi wa Kuazima

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mvuke, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa nyuma ya mashine ya pasi tangu mwanawe hajaota meno, akinyoosha mashuka, foronya na makoti ya madaktari, na kila alipoushusha mfuniko wa ile mashine mvuke ulimpanda kifuani ukameza uso. Wenzake walizoea kuongea na wingu. Wingu nalo liliwajibu "ee" na "haya", basi. Haikuwa kiburi. Kuna watu waliopimiwa maneno kwa kijiko, na hayo machache aliyopimiwa yeye, aliyatia sufuriani.

Mwanawe alilijua hilo bila kufundishwa. Walikuwa wawili tu katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili; baba mtu hakufa, aliondoka tu, kama anayekwenda kununua kiberiti. Mtoto akajifunza kumsoma mama yake kwa ulimi. Alipofanya vizuri shuleni, vitunguu vilikaangwa polepole mpaka vikawa na rangi ya asali. Alipokuwa na huzuni, supu ilikuja na pilipili manga nyingi, imtoe kamasi ili machozi yapate kisingizio. Hakuna aliyesema nakupenda katika nyumba ile. Hakukuwa na haja.

Sasa mtoto alikuwa mwanamume mwenye ndevu, fundi wa lifti, kampuni ikimtuma mji huu leo na mji mwingine kesho. Simu alipiga. Kuja, alikuja mara moja kwa mwaka, na Bi Mvuke aliamini, ingawa hakumwambia mtu, kwamba kinachomleta ni chakula. Mtu mzima ana miji yake, ana wenzake, ana vitanda vya kulala. Atapanda gari mchana kutwa kufuata nini kwa mwanamke asiyejua kuzungumza?

Kisha, msimu wa mvua uliopita, alishikwa na mafua mazito. Homa ilipoondoka haikuondoka mikono mitupu. Asubuhi moja alimimina maziwa katika glasi, akanywa, akamimina tena, ndipo alipoyaona yanadondoka mabonge mabonge. Yalikuwa yameharibika, naye alishayanywa kama maji. Alifungua chupa ya siki akainusa. Akafungua karafuu. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia akakigusisha ulimi. Kimya.

Watu husema kusikia harufu, kusikia ladha, kana kwamba pua na ulimi navyo ni masikio. Basi Bi Mvuke alikuwa kiziwi wa namna hiyo. Kazini aliunguza shuka hadi likatoka doa la kahawia, wenzake wakakimbia wakishika pua, yeye amesimama palepale anaibonyeza mashine. Akasema mashine imezidi moto. Alinyoosha makoti ya madaktari wote wa hospitali ile, hakumwambia hata mmoja. Kilichobaki kumfikia ni pilipili tu. Pilipili si ladha, ni kipigo, na kipigo hakihitaji ulimi mzima. Akawa anakula mkate mkavu kwa pilipili ya kusaga, peke yake, dirishani, ili angalau ajue kuna kitu kimeingia kinywani.

Katikati ya wiki moja mwanawe alipiga simu.

"Mama, Jumamosi napita hapo. Nitakaa mchana, jioni naendelea na safari."

"Utakula nini?"

"Chochote."

"Chochote hakipikwi."

Akacheka kule aliko. "Basi nipikie chipsi za Kajuni. Huku zinauzwa kila kona. Zina viungo vikali, halafu juu wanamwagia jibini na nyama ya kusaga. Ila hawazijui, Mama. Nikizila nasema, laiti zingepita mikononi mwako."

"Haya," alisema Bi Mvuke. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni.

Mkunja mashuka, jirani yake kazini, ndiye aliyemtafutia mapishi kwenye simu. "Haya hapa. Lakini Bi Mvuke na chipsi za Kajuni, wapi na wapi? Au umepata mchumba?"

"Ee," alijibu wingu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Jumamosi aliamka akamenya viazi. Alivikata vipande vya unene wa kidole, akavilowesha katika maji baridi vitoe wanga, akavipangusa kimoja kimoja kwa taulo safi, maana kiazi chenye maji hugombana na mafuta. Alivikaanga mara ya kwanza kwa moto mdogo, akaviopoa vingali vyeupe, laini. Kuvirudisha kwa moto mkali kungesubiri mgeni. Katika bakuli alichanganya paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha, unga wa kitunguu saumu, unga wa kitunguu maji, pilipili manga, pilipili kali ya kusaga, na majani makavu ambayo hata muuza duka aliyasoma jina mara mbili. Haya yote hayakumtisha. Mafuta yana sauti. Yakipunguza kelele ujue kiazi kimekauka. Nyama ina rangi. Mchuzi wa jibini, kwa siagi na unga wa ngano na maziwa, unaujua kwa uzito wa mwiko.

Alipofikia chumvi, mkono ukasimama hewani. Chumvi haina sauti wala rangi.

Zamani mkono wenyewe ulijua kiasi. Lakini mkono nao hupata hakika yake kwa ulimi, na tangu mvua zile ulikuwa umeanza kutetereka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Na viungo hivi vilikuwa vigeni. Alitia chumvi, akasita, akaongeza, akajuta. Akarudisha sehemu ndogo ya viazi kwenye mafuta, akavinyunyizia viungo, akaweka sahani mbele yake akavitazama. Ilibidi mtu aonje. Na upande wa pili wa korido alikuwapo mtu mmoja tu anayeshinda nyumbani Jumamosi: Mama Redio.

Hawakuwa wamesalimiana tangu ugomvi wa kamba ya nguo. Ulikuwa ugomvi mdogo. Mama Redio alisema mengi, Bi Mvuke hakusema kitu, na hilo la kutosema ndilo lililomuudhi mwenzake mpaka leo. Redio yake ilikuwa ikilia asubuhi hadi jioni, na jina alilipatia hapo.

Bi Mvuke alibisha hodi, sahani mkononi.

Mlango ulifunguka kidogo. "Makubwa," alisema Mama Redio. "Nani kafa?"

"Hakuna. Nataka uonje."

"Mwaka mzima unanipita kama nguzo ya umeme, leo umeniletea chipsi. Zina sumu?"

"Zina pilipili."

"Na wewe huna mdomo?"

Bi Mvuke aliangalia sakafu. "Nina kidonda kinywani. Niazime ulimi."

Mama Redio alimtazama, akatazama sahani, akafungua mlango wote. Ndani, juu ya ile redio, kulikuwa na vidonge vimepangwa kwenye karatasi zake zinazong'aa. Akachukua kipande, akatafuna, akatoa macho.

"Bibi wee. Chumvi! Unataka kumzika mtu?"

Bi Mvuke alirudi jikoni, akachanganya viungo upya, chumvi nusu. Akavuka tena korido.

"Bado inakata. Punguza."

Akapunguza tena, ikawa chembe tu kati ya vidole viwili. Safari hii Mama Redio alitafuna taratibu, akachukua kipande cha pili bila kukaribishwa.

"Hapo sasa. Hapo mtu anakula anasahau madeni. Ni za nani?"

"Mwanangu anakuja."

"Aa. Yule fundi." Sauti ya Mama Redio ilishuka. "Basi nenda mwenzangu, usiunguze. Na hiyo kamba ya nguo, itumie tu."

Mwanawe aliingia akiwa na begi la vyuma begani, akainama kidogo mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Mimi? Wewe ndiye umekonda."

Hilo alilipita kama hakulisikia. Alivirudisha viazi kwenye mafuta makali, akasikiliza mpaka kelele zikatulia, akaviopoa, akavirusha bakulini na viungo mpaka vikawa vyekundu kila upande. Akavipanga kwenye sahani pana, nyama ya kusaga juu, mchuzi wa jibini ukatambaa kuingia mianyani, majani ya vitunguu mabichi yakamaliza. Ilikuwa sahani ya kupigwa picha, na mwanawe aliipiga picha kweli.

"Karibu, baba."

Alikula kipande cha kwanza. "Tamu, Mama," alisema.

Bi Mvuke alikaa mbele yake, mikono mapajani. Mtoto huyu, tangu akiwa mdogo, chakula kikimkolea huguna puani, mguno mdogo asioujua mwenyewe, kama paka aliyelala. Alingoja mguno. Badala yake yalikuja maneno. Alimweleza habari za lifti moja inayokubali kupanda na haitaki kushuka, mpaka wapangaji wakaipa jina la mwenye nyumba. Alimweleza habari za mvua za huko. Alikuwa akila, tena kwa bidii, kipande baada ya kipande, kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa. Mara moja macho yake yalizunguka mezani yakitafuta kitu, yakajikamata, yakarudi kwenye sahani.

Mama alijua yametafuta nini. Kibweta cha chumvi hakijawahi kukaa juu ya meza ile. Hakikuhitajika.

Ndipo vidonge vile vilivyokuwa juu ya redio vilipomjia akilini. Vidonge vya presha. Jengo zima lilijua, maana Mama Redio mwenyewe alilitangaza, kwamba daktari alimkataza chumvi miaka mingi iliyopita na kwamba siku hizi hata mkate wa dukani anauona una chumvi kupita kiasi. Kati ya ndimi zote za mji, ndio ulimi aliokwenda kuuazima. Kicheko kilimfika kooni kikaishia hapo.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa bingwa. Mwanawe angemaliza sahani, angesema tamu mara nyingine, angeondoka jioni na begi lake. Na mwakani angekuja kwa huruma, na huruma haina miguu ya safari ndefu.

"Chumvi iko kabatini," alisema.

"Ziko sawa, Mama. Wallahi."

"Usiniapie juu ya chipsi. Nenda kachukue."

Hakuinuka. Alikuwa akimtazama. "Mama, hukuonja?"

"Nimeonja. Siisikii."

"Huisikii nini?"

"Chumvi. Sukari. Nyama. Sabuni. Tangu mafua ya msimu wa mvua sisikii kitu, ila pilipili. Hizi ameonja jirani, naye ana presha."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumpa. Mwanawe aliweka kipande alichokuwa nacho mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja kula nini?"

 Alikuwa mtoto wa mama yake. Naye alipimiwa kwa kijiko. Akainuka, akaenda kabatini, akakaa huko akiwa amempa mgongo muda mrefu kuliko inavyohitajika kupata chumvi. Aliporudi alinyunyiza, akachanganya kwa vidole, akala. Mguno ukamtoka, mdogo, puani, na Bi Mvuke akausikia vizuri sana kwa masikio yake mawili.

"Niambie," alisema.

"Nikwambie nini?"

"Zikoje."

"Tamu."

"Tamu ulishasema, tena ya uongo."

Mwanawe alicheka, akapangusa macho kwa mkono wenye pilipili, ikamwasha, akalaani, akacheka tena. "Ni kali."

"Ukali nausikia mwenyewe. Sema kingine."

"Jibini ni..." Alikwama. Akavuta kiti upande wa mama yake, akachukua kipande kingine, akakitia kinywani. Alitafuna taratibu, macho ameyafumba, akilitafuta neno mahali ambapo hakuwahi kulihitaji. Nje gari lilipiga honi, likapita. Mama alimgeukia, akangoja.